Ombi la Hobart Tackett Dhidi ya Tupa ya Umeme

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kuandika. Sipendi kuandika. Shule niliiacha mapema nikaenda kushika farasi, na herufi zangu zinakwenda upande kama kuku aliyelewa. Lakini mambo yamefika pabaya. Siku shauri hili likifika mbele ya wakubwa, nataka kila kitu kiwe kimewekwa, tarehe na siku.

Shauri lenyewe: Wendell Prewitt amesaga meno ya Kanali! Farasi wa Bi Idabel Loftis. Ndiyo, farasi ni wa Bi Idabel, lakini kinywa kile ni changu. Nakijua tangu Kanali ananyonya. Kila majira ya kuchipua naingiza mkono mpaka kiwiko, na tupa yangu, nasaga zile ncha za magego zisimkate mashavu, nanawa, naondoka. Hakuna mtu katika vilima hivi vya Ozark asiyejua kwamba ukisema meno ya farasi umemtaja Hobart Tackett.

Na Wendell ni nani? Mpeleka barua! Mstaafu wa posta! Maisha yake yote amekimbizwa na mbwa wa watu. Sasa kaenda kozi fupi jimbo la mbali, karudi na cheti cha kuning'iniza ukutani na mashine ya umeme inayovuma kama mzinga wa nyuki. Na pikapu yake kaiandika ubavuni: PREWITT, MENO YA FARASI. Kwa rangi ya dhahabu!

Nimemuuliza Bi Idabel kulikoni. Akasema Wendell alikuwa anapita tu, na mimi nilikuwa na mafua, na Kanali alikuwa anadondosha chakula. Mafua! Mimi nimesaga meno ya baghala nikiwa na mbavu iliyovunjika, na baghala huyo ndiye aliyeivunja.

Hii haipiti hivi hivi.

Jumatano, 6 Machi

Njia imepatikana. Mwenyewe nimejishangaa.

Asubuhi nilikuwa dukani kwa Lonnie, anakouza chakula cha mifugo, wanakokaa wanaume wote wenye kikombe cha kahawa na wasio na shughuli. Lonnie akasema jimbo letu lina Bodi inayotoa leseni za madaktari wa mifugo. Na kwamba raia yeyote anaweza kuiandikia ombi, Bodi ikae, itoe uamuzi rasmi kama kazi fulani inataka leseni au haitaki. Binamu yake alishawahi kuomba hivyo kwa bodi ya vinyozi. Nikamuuliza binamu alishinda? Lonnie akasema hayo mengine hayakumbuki vizuri, ila binamu siku hizi anauza matairi.

Nikarudi nyumbani karibu nikimbie. Wendell hana leseni! Ana cheti, na cheti si leseni. Bodi ikitamka kwamba kusaga meno ya farasi bila leseni ni kosa, basi kwisha habari yake. Dhahabu yote ile ataikwangua kwa kucha!

Dada yangu Verna, ninayeishi naye tangu mumewe afariki, akaniuliza, na yako leseni iko wapi, kaka? Nikamwonyesha mikono yangu yote miwili. Akasema anaona mikono tu, tena michafu. Verna ni mwanamke mwema lakini sheria haijui. Leseni ni ya watu wasiojulikana. Mimi najulikana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga simu kwenye Bodi. Amepokea Bi Carla Dunnavant, sauti tamu, mtu wa mjini. Nikamweleza kwamba nataka uamuzi rasmi wa kumzuia mtu. Akaniuliza mtu gani. Nikakataa kumtaja.

Akasema kama nina mtu ananikera, kuna karatasi ya malalamiko, nijaze jina lake, atachunguzwa. Nusura nikate simu! Mimi nimshtaki jirani kwa serikali? Huku kwetu mtu wa namna hiyo hapewi hata kiti kanisani. Babu yangu aliwajua wote waliokuwa wakipika pombe ya magendo bonde zima, na alikwenda kaburini na kinywa chake kimefungwa. Sisi akina Tackett si wambea. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa ukali.

Bi Carla akasema basi sawa, mzee wangu, ila uelewe jambo moja. Uamuzi rasmi hautolewi juu ya mtu ambaye hakuomba. Anayeomba anaeleza habari zake mwenyewe. Yeye ni nani, anafanya nini, anafanyaje. Na uamuzi unamshika yeye aliyeomba, kwa yale aliyoyaeleza. Akayarudia tena polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Nimemwelewa sana! Bodi haitaki habari za kina Wendell. Inataka kumjua mtu wa kazi halisi, ili iwe na kipimo. Utajuaje dhahabu bandia kama hujaonyeshwa ya kweli? Kwa hiyo nitajieleza mimi. Na Wendell simtaji. Nitamwangusha bila kumtaja. Huo ndio uungwana!

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeandika kutwa nzima. Mchungaji atanielewa, na asiponielewa nitamkumbusha nani alimtibia mbuzi wake.

Hilo nalo nimeliandika kwenye ombi.

Swali nimeliweka juu kabisa: Je, mtu asiye na leseni ya udaktari wa mifugo akisaga meno ya farasi, anavunja sheria? Chini yake nimejieleza. Kwamba nimesaga meno tangu ujanani, peke yangu, sikuwahi kusimamiwa na mtu. Kwamba nimeng'oa vile vijino vya ziada vinavyogongana na lijamu, na magego mazima pia, kwa koleo la fundi bomba. Kwamba farasi dume wa marehemu Buford Sisk, aliyewashinda madaktari wawili, nilimtuliza kwa chupa ya wiski, nusu yake nusu yangu. Kwamba nimefungua tumbo la baghala lililovimba, nimeshona mbwa, nimegeuza ndama tumboni mwa mama yake wakati daktari yuko kwenye gofu.

Verna alisoma akiwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Akaniuliza, Hobart, hili ni ombi au ni ungamo? Nikamwambia ni ushahidi. Akasema ndicho kinachomtia hofu. Akaniuliza tena, hivi Wendell yuko ukurasa gani? Nikamwambia hayupo, ndio werevu wenyewe.

Akarudi kwenye viazi vyake. Akawa anavimenya kwa hasira, vikabaki vidogo kama marumaru.

Jumatatu, 11 Machi

Benki, kula kiapo. Ombi halipokelewi bila kiapo na muhuri. Binti mwenye muhuri ni mjukuu wa Sisk. Akaniuliza naapa kwamba yote niliyoandika ni kweli? Nikamwambia ni kweli, na nimepunguza.

Nikapitia kwa Lonnie nikawatangazia wote kwamba nimeiandikia Bodi. Wendell alikuwepo, amekaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe kama mfalme wa kijiji. Akaniuliza nimewaandikia nini. Nikamjibu atakijua siku kikimwangukia. Akasema, mzee mwenzangu, ungekaa kimya tu, sisi wote hapa tunaishi vizuri kwa kutoulizwa.

Hofu hiyo! Ilimtoka mpaka masikioni.

Alhamisi, 21 Machi

Bodi imejibu. Kikao ni tarehe 16 Aprili, mji mkuu wa jimbo, na nimealikwa kuzungumza. Mimi! Nimeibandika barua kwenye jokofu, juu ya picha ya wajukuu wa Verna. Verna ameishusha. Nimeipandisha.

Mchana Bi Carla akapiga simu mwenyewe. Sauti ya chini, kama anapiga kutoka chooni. Akasema amesoma ombi langu lote, na amesoma mara mbili pale penye wiski. Akasema hana ruhusa ya kunishauri. Ila angependa tu nijue kwamba mwombaji anaweza kuliondoa ombi lake wakati wowote kabla ya kikao, bila kuulizwa sababu, na jambo linaishia hapo, na kila mtu anarudi kwenye farasi wake.

Nikamuuliza, binti, nani kakutuma? Akasema hakutumwa. Nikamwambia salamu zimfikie huyo ambaye hakukutuma, na pikapu yake ya dhahabu.

Akashusha pumzi. Akasema sawa, Bwana Tackett, tutaonana.

Jumanne, 16 Aprili

Siku kubwa! Naandika nikiwa bado nimevaa tai.

Kwanza balaa. Pikapu yangu imekataa kuwaka. Nimeipiga teke, nimeiombea, wapi! Verna, bila kuniuliza, akampigia simu Wendell. Na Wendell akaja. Ningefanya nini? Nikapanda ndani ya maandishi yale ya dhahabu, nimepakata fuvu la farasi ndani ya gunia, la kuwaonyeshea meno, nikaenda kumwangusha mtu kwa petroli yake.

Njiani alisimamisha gari tule. Kambare wa kukaanga na bamia za siki. Akalipa yeye, sikumzuia. Akasema, Hobart, tumejuana tangu tukiwa na meno ya utoto, nisikilize leo tu. Unajipalia makaa mwenyewe. Turudi. Tukavue samaki, tuseme gari liliharibika. Nikamwambia sijawahi kuona mtu anayetetemeka huku anakula samaki. Akacheka, akatikisa kichwa, akaagiza pai.

Kikaoni. Chumba cha baridi, meza ndefu, madaktari wamekaa kama mitume, na mwanasheria wao pembeni. Nikatoa fuvu nikaliweka mezani. Meno mawili yakadondoka yakaviringika mpaka kwa mwanasheria. Wakashtuka! Hapo nikajua nimewapata.

Mwenyekiti, daktari mnene mpole, akaniuliza nafanya kazi hii peke yangu? Peke yangu! Hakuna daktari anayenisimamia? Nani anisimamie mimi? Je, watu hunilipa? Hunilipa, hunipa na paja la nguruwe, sijawahi kumtukana mtu kwa kukataa zawadi yake. Je, nimewahi kumpa mnyama kitu cha kumtuliza? Nikawaambia habari ya wiski. Kisha, kwa sababu walikuwa wananisikiliza vizuri, nikawaongezea na habari ya ile dawa ya usingizi niliyoikuta kwenye mkoba wa daktari mmoja marehemu, ambayo kwenye ombi sikuiandika kwa kukosa nafasi.

Na wakawa wanaandika! Wote! Kila nikifungua kinywa, kalamu zinakimbia. Mwanasheria aligeuza karatasi tatu. Wendell kakaa nyuma kabisa, hakuna aliyemwandika hata herufi moja.

Mwishoni mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mwingine katika kaunti yetu anayesaga meno.  Nikamwangalia Wendell. Naye akaniangalia. Nikaangalia dari. Nikasema mimi habari za majirani sina. Mungu ananiona, jina lake lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Bi Carla alinisindikiza mpaka mlangoni akanibebea fuvu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemgusa moyo.

Jumatano, 17 Aprili

Nimesimulia kanisani, mkahawani, na kwa mtu wa gesi. Verna ameomba nisimsimulie tena yeye.

Ijumaa, 3 Mei

Bahasha imefika. Nene! Verna akasema tuifungulie ndani, tusome tukiwa tumekaa. Thubutu! Nimengoja siku zote hizi ili nisome sebuleni na paka? Nikaenda nayo kwa Lonnie. Wamejaa, Ijumaa ile. Na Wendell yupo, juu ya gunia lake la chumvi. Mambo yakajipanga yenyewe.

Nikapanda juu ya kreti. Ukurasa wa kwanza nikauruka, maana huko ni anwani na mihuri tu. Nikaanza pale panapoanza kuuma. Nasoma polepole, lakini nasoma kwa sauti.

Bodi imeona kwamba mtu huyo hana leseni ya aina yoyote. Nikasimama, nikamtazama Wendell. Akanywa kahawa.

Bodi imeona kwamba mtu huyo anafanya upasuaji wa kinywa bila kusimamiwa na daktari. Nikasema, mnasikia? Upasuaji!

Bodi imeona kwamba mtu huyo ametumia koleo. Nikapiga yowe. Koleo! Nani anamwekea farasi koleo? Lonnie akageuka akaangalia rafu ya dawa za kwato za ng'ombe. Mabega yake yanatikisika.

Bodi imesikitishwa kwamba mtu huyo huwapa wanyama pombe kali. Nikamnyooshea Wendell kidole. Nikamwambia sikujua, Wendell, haki ya Mungu sikujua kama umefika huko! Mlevi wewe! Kumbe ndiyo maana farasi wa watu wanakupenda! Wendell akasema, endelea, Hobart, soma na hiyo inayofuata, mimi naipenda hiyo inayofuata.

Inayofuata ni ya dawa ya usingizi ya marehemu.

Hapo nikairudia mara ya pili. Nikasema si mimi peke yangu basi niliyepata mkoba.

Lonnie akanishusha kwenye kreti kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemshusha bibi yake kwenye basi. Akafungua ule ukurasa wa kwanza akausoma yeye. Kwamba hili ni ombi la Hobart Tackett. Kwamba uamuzi huu unamhusu Hobart Tackett. Kwamba kwa mambo aliyoyaeleza mwenyewe chini ya kiapo, Hobart Tackett anafanya udaktari wa mifugo bila leseni, na tangu leo aache, asiguse jino la mnyama wa mtu mwingine, la sivyo mahakama.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo baya zaidi. Laiti wangecheka.

Jumamosi, 4 Mei

Udhalimu! Unyang'anyi! Nimempigia Bi Carla nyumbani kwake, namba nimeipata kwenye kitabu. Nikamuuliza na Wendell je? Uamuzi wa Wendell uko wapi? Akasema uamuzi haumgusi mtu mwingine yeyote, alinieleza Machi, akaniambia tena kwa kuzunguka. Nikasema basi Bodi imtafute. Akasema wamesikia habari zake, kwani alikwenda kujisajili mwenyewe baada ya kikao kile. Anafanya kazi chini ya daktari Pamela Haskew, yule mwanamke kijana mwenye zahanati kule barabara kuu. Daktari anasimama pale, Wendell anasaga. Sheria inaruhusu.

Anasimamiwa! Na mwanamke! Na hakusema hata siku moja, kanywa kahawa kimya siku zote hizi!

Nikamuuliza Bi Carla, kama nisingeomba ingekuwaje.  Akasema, mzee wangu, sisi wala hatukuwa tunakujua.

Nimeziosha tupa zangu. Nimezipaka mafuta. Nimezifunga kwenye kitambaa.  Verna amepika maharage na mkate wa mahindi akaniwekea kipande cha pembeni, kile cha kukauka ninachokipenda, ambacho siku zote tunakigombania. Sikukila. Hata yeye hakukila.

Jumanne, 14 Mei

Bi Idabel kapiga simu asubuhi. Kanali hali. Anatafuna, anageuza, anadondosha mabonge ya majani makavu yaliyosagika nusu. Sikiliza, nikamwambia, mimi siruhusiwi. Akasema anajua, kaunti nzima inajua. Ila nije tu nimwone.

Nikaenda. Mikono nimeitia mfukoni, mahakama isije ikasema. Kanali akaja mpaka kwenye uzio akanisukuma kifuani kwa pua, kama anavyofanya. Kakonda. Harufu ya kinywa niliisikia nikiwa mbali. Ni gego la nyuma, chini, upande wa kushoto, lile lililomponyoka Wendell Machi, limechomoza kama shoka. Naliona kwa jinsi anavyoshika taya. Na siwezi kuligusa! Nimesimama pale kama mlingoti. Sijawahi kuona haya mbele ya farasi.

Wendell akaja na daktari Haskew. Kanali, kwa maumivu yale, alipoisikia tu ile mashine akasimama kwa miguu ya nyuma. Wakambembeleza. Akampiga Wendell teke la paja. Daktari akataka kumchoma sindano. Kanali akavunja ubao wa banda na sindano ikapotelea kwenye majani.

Nikasema kwa sauti, nikimwambia uzio, kwamba farasi yule anataka kushikwa kichwa kutoka kulia, mkono mmoja nyuma ya sikio. Daktari Haskew akanitazama. Akasema, Bwana Tackett, kumshika farasi kichwa si udaktari wa mifugo. Yeyote anaweza. Njoo umshike.

Nikauliza kama anaweza kuniandikia hilo. Wendell, amekaa chini anasugua paja, akapiga kelele: Hobart, kwa jina la Mungu, usiombe maandishi! Njoo umshike farasi!

Nikamshika. Nikamwekea paji langu la uso shavuni kwake, nikamwimbia ule wimbo wa mama yangu wa kuwaita ng'ombe. Akatulia. Wendell akasaga. Ile mashine, nitasema ukweli kwenye daftari hili tu, inasaga vizuri.

Jioni Bi Idabel kasema Kanali kamaliza ndoo nzima.

Jumamosi, 25 Mei

Wiki hizi hazina mfano. Wamenipeleka mazizi yote. Wendell anasaga, daktari anasimama, mimi nashika. Nani mkubwa hapo? Watu wanauliza, Hobart yupo? Kama Hobart hayupo tuahirishe. Nimewasikia kwa masikio haya! Farasi wa kwa Sisk alinilalia begani akakoroma. Verna kasema nimeanza kupiga mluzi nikinyoa, niache au nijifunze wimbo wa pili.

Wendell kanikaribisha samaki kwake. Tulicheka mpaka tukakohoa, habari ya kreti na koleo. Nilicheka zaidi yake.

Kisha kaniharibia. Akanionyesha kwenye simu picha ya chuma, chenye mto juu, cha kuwekea kichwa cha farasi kisimame chenyewe wakati wa kusagwa. Daktari Haskew anafikiria kukinunua. Kwa ajili ya zile siku, akasema Wendell, utakazokuwa na mafua.

Mafua!

Jumanne, 28 Mei

Chuma! Wanataka kuweka chuma mahali pangu!

Lakini mimi si mtu wa kulala. Kutwa ya Jumapili na ya jana nimeandika. Ombi jipya kwa Bodi: itamke rasmi kwamba kumshika farasi kichwa wakati wa kusagwa meno ni sehemu kamili ya matibabu, wala si kazi ya yeyote tu, wala si ya chuma. Wendell sikumtaja. Daktari sikumtaja. Nimejieleza mimi tu. Jinsi ninavyomtambua mgonjwa kabla hajafunguliwa kinywa. Jinsi ninavyomwambia Wendell jino lipi, upande upi, aishie wapi. Jinsi kwa kweli ninavyoiongoza kazi yote mimi, na daktari anasimama tu.

Mjukuu wa Sisk kanigongea muhuri asubuhi hii. Nikampigia Bi Carla kumwambia bahasha inakuja. Akauliza kwa sauti ndogo, inahusu nini. Nikamsomea mistari ya mwanzo.  Akanikumbusha kwamba ombi linaweza kuondolewa wakati wowote kabla ya kikao.

Verna alinisindikiza hadi kwenye sanduku la posta, ananivuta mkono wa shati njia nzima. Akasema, Hobart, kaka yangu, niambie tu kama ya kwanza ilikufundisha kitu.

Imenifundisha sana, na nimemwambia. Kosa la mara ya kwanza nimeliona. Sikuwaeleza vya kutosha.

Bahasha imeingia kwa shida. Ilibidi niisukume kwa ngumi.